Baba Kwenye Kundi la Jumamosi

Tarehe 2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inakwenda, na kile kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimetulia. Wewe je? Presha ulipima? Vidonge unameza kila asubuhi kama ulivyoambiwa, au bado unameza ukikumbuka? Nijibu hayo kwanza kabla ya mengine, maana nakujua, utayaruka.

Jana uliponipigia ukasema, "Jumamosi naanza kuendesha baiskeli na kundi," kisha ukakata, nilibaki nimesimama katikati ya chumba cha plasta na ndoo ya maji ya vuguvugu mkononi. Mgonjwa akaniuliza, "Nesi, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, ni baba yangu tu. Simu zako ni fupi kuliko telegramu ulizokuwa ukizipokea kazini. Ndiyo maana nakuandikia. Mtu aliyefanya kazi posta mpaka akastaafu haiheshimu simu, lakini barua ataisoma.

Sikukatazi. Tangu mama alipotutoka mwaka juzi umekuwa mtu wa kiti na redio, na mimi ndiye niliyekuwa nakupigia kelele utoke nje. Ila niliposema utoke nilifikiria dukani, baba, au kwa jirani. Sikufikiria barabara kuu, katikati ya watu wanaokwenda mbio kana kwamba ndege imewaacha. Mimi huku naendesha na wenzangu kila wiki, najua raha yake. Na kwa kuwa hapa hospitali nawafunga plasta waliovunjika siku nzima, najua na upande wake wa pili.

Kwa hiyo nisikilize. Ukifika, mtafute kiongozi wao umwambie wewe ni mgeni. Usione haya. Mgeni akijitaja huwekwa mahali pazuri na hupewa mtu wa kumwangalia. Asiyejitaja hudhaniwa anajua. Mwambie na presha pia.

Halafu magurudumu. Hili lisome taratibu. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliye mbele yako. Likiingia, yeye akihama kidogo tu kukwepa jiwe, atakugusa. Yeye ataendelea na safari zake wala hatajua, atakayelala chini ni wewe. Acha nafasi ya baiskeli nzima katikati yenu, na kwa Jumamosi hii ya kwanza acha hata ya mbili. Usilikodolee macho tairi lake, litakulewesha. Angalia mabega yake, na barabara iliyo mbele ya hayo mabega.

Na breki, baba. Kwenye kundi breki si zako peke yako. Ukizifunga ghafla, nyuma yako kuna watu ambao hawajui umeona nini. Unasema kwanza, "Napunguza!" au "Nasimama!", ndipo unazishika pole pole. Ukiona shimo unalitaja na kulionyesha kwa kidole, na aliye nyuma yako anampasia aliye nyuma yake. Kama bado huwezi kuachia mkono mmoja, paza sauti tu. Sauti unayo, mtaa mzima unaijua.

Kula kabla ya kuondoka. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Beba tyubu ya akiba hata kama hujui kuibadilisha, atakuwepo anayejua. Vaa kofia ngumu, siyo ile kofia yako ya msibani. Na ukichoka, sema umechoka. Usijikaze ili watu wasikuone mzee, wewe ni mzee kweli.

Niandikie mara tu ukirudi.

Mwanao

*

Tarehe 13 Februari

Binti yangu, mama yangu mdogo unayenitisha kutoka mbali,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kifua kimetulia, usiache kujifunika. Mimi ni mzima kuanzia utosini mpaka unyayoni, ila katikati, pale mtu anapokalia, pana malalamiko, nitakueleza. Presha nimepima. Nesi wa zahanati alitikisa kichwa, lakini si kwa nguvu. Vidonge nameza. Jirani yetu muuza matairi anakusalimu, na mkewe anakusalimu, na watoto wao wote wanakusalimu ingawa sidhani wanakukumbuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Ina makatazo mengi kuliko mlango wa ofisi ya serikali. Hata hivyo nimeyashika yote, au tuseme karibu yote.

Muuza matairi ndiye aliyenipeleka. Tulikutana kwenye kituo cha mafuta, jua bado halijachomoza vizuri. Kumbe kiongozi ni mwanamke, fundi umeme, wanamwita Kapteni. Ana miguu kama nguzo anazopanda kazini. Nilimwendea nikamwambia, "Mimi ni mgeni." Akaitazama baiskeli yangu, akaniangalia mimi, akaitazama tena baiskeli. Unaijua, ile nyekundu ya kazini waliyotuuzia nilipostaafu, yenye kibebeo na kengele. Zao zote ni nyembamba kama miwani. Yule anayeuza dawa za kuku akauliza kama nimewaletea barua. Walicheka mpaka mmoja akashikilia ukuta. Tangu hapo jina langu ni Posta.

Basi tukatoka. Nikaacha nafasi ya baiskeli mbili kama ulivyoniamuru. Nikapaza sauti, "Shimo!" Baadaye nikapaza tena, na tena, hata Kapteni akaniambia, "Mzee wangu, yale madogo unaweza kuyasamehe." Mlimani waliniacha, lakini mwalimu mmoja alibaki nami. Anafundisha hesabu, ni wa rika lako, mpole, ana hadithi tamu za watoto wa darasani kwake. Tatizo ni kwamba anaongea chini chini. Ili nimsikie ilibidi nimsogelee, gurudumu langu karibu na la kwake, kidogo tu, pembeni. Usipige kelele. Hakuna kilichotokea.

Presha sikumwambia Kapteni. Watu walikuwa wengi, na jambo la ndani ya mwili wa mtu mzima halitangazwi kituo cha mafuta.

Niliporudi miguu ilikataa kunipandisha ngazi tatu za mlangoni. Nikaketi pale pale nje, nikala mkate na ndizi kama mwizi. Halafu nikakumbuka lile swali la barua, nikacheka peke yangu. Mwanangu, sikuwa nimecheka tangu mama yako aondoke. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko kinauma mbavu. Siku ile redio sikuifungua.

Jumamosi nakwenda tena.

Baba yako, Posta

*

Tarehe 20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hayo malalamiko ya katikati yamepungua. Yatapungua, mwili unazoea kiti, na usiende kununua sponji.

Barua yako niliisomea chumba kizima cha plasta, hata daktari wa zamu alikuja kusikiliza. Nilifurahi, kisha nikafika pale pa mwalimu anayeongea chini chini, furaha ikakatika. Baba, ndicho hasa nilichokukataza! Wiki hii tu nimemfunga kijana mmoja mfupa wa mtulinga, huu wa juu ya kifua, alikuwa anaongea na mwenzake gurudumu kwa gurudumu, mwenzake akakwepa mbuzi. Hadithi ya mwalimu atakumalizia mkisimama kunywa maji. Kama humsikii, msikie siku nyingine.

Na presha mwambie Kapteni. Mvute pembeni, dakika moja inatosha. Siku ukizimia njiani wataanza kukupepea na kukumwagia maji wakati unahitaji hospitali. Ninaandika hivi bila kutia chumvi. Kila Jumamosi asubuhi mimi niko zamu, na kila mlango ukifunguliwa natazama kama anayeletwa ni mzee, ingawa uko mbali na hapa na hawawezi kukuleta kwangu. Ni ujinga, lakini ndivyo ninavyofanya.

Nakupenda, na Posta nampenda pia. Ila aache nafasi.

Mwanao

*

Tarehe 16 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo kweli? Sijapata barua, na wewe si mtu wa kuchelewesha barua. Nilipopiga simu ulisema, "Niko salama, nitaandika," sauti yenyewe ikiwa kama ya mtu anayeongea huku amegeukia ukuta. Nilipompigia muuza matairi akajiumauma, akaniambia nikuulize mwenyewe.

Nakuuliza. Umeanguka? Umegongwa? Moyo? Kama kuna kitu kimevunjika niambie ni kipi na nani amekifunga. Sili vizuri, baba. Jana nimemfunga mtoto plasta mkono usiovunjika, mama yake ndiye aliyenishtua. Usinifiche. Mama naye mlinificha mpaka nilipokuja kukuta watu wamejaa uani.

Niandikie leo hii.

Mwanao

*

Tarehe 22 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi sijavunjika mahali popote. Hilo liweke moyoni kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Aliyevunjika ni mwalimu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa mwezi. Nilikuwa nimeshazoea, wameniweka katikati ya mstari, mwalimu nyuma yangu, na muuza matairi nyuma ya mwalimu. Nafasi niliacha, sikumsogelea mtu. Tukapita ile barabara ya nyumba za zamani za wafanyakazi. Pale kwenye geti la kijani alikuwa ameketi yule bibi, unamkumbuka, shoga wa mama yako, aliyekuwa akija kila siku wakati wa ugonjwa na ndiye aliyemwosha alipofariki. Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Amezeeka sana. Aliinua uso, akanitambua.

Mwanangu, ningempita vipi? Kumtupia salamu huku naondoka, mtu aliyemwosha mama yako? Mkono ulifunga breki kabla kichwa hakijaulizwa. Breki zote mbili, ghafla, mguu chini, nikasema, "Shikamoo mama." Sikumaliza neno. Nikasikia chuma kwa chuma nyuma yangu, na sauti ambayo sitaki kuielezea.

Mwalimu aligonga gurudumu langu akapita juu ya usukani wake. Aliangukia kifundo cha mkono wa kulia, ule anaoandikia ubaoni. Muuza matairi alikwepa akaingia mtaroni, akachubuka goti. Mimi nilikuwa nimesimama wima, mzima, baiskeli yangu imepinda kibebeo tu. Yule bibi alikuwa anapiga mayowe, na mimi bado nimeshika kengele kama mjinga.

Ulikuwa umeniandikia. Breki si zako peke yako. Nilikuwa nimeisoma kwa sauti.

Nilikwenda naye hospitali. Kwenye benchi nilitaka kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi, eti, "Si kitu, mzee wangu, watoto watafurahi hakuna mtihani." Alikuwa amejikunja kwa maumivu, na ananitania ili nisilie. Nililia hata hivyo. Tangu siku ile sijaenda kwenye kundi, wala kumtembelea sijathubutu. Nikiona baiskeli inapita dirishani najificha nyuma ya pazia, mtu mzima na mvi zangu.

Sasa umejua.

Baba yako

*

Tarehe 27 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole. Mpe mwalimu pole zangu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Ungeweza kuwa wewe. Muuza matairi asingekwepa, au nyuma yenu kungekuwa na lori badala ya muuza matairi, leo ningekuwa safarini kuja kukuzika. Nimeshamzika mzazi mmoja. Wa pili siko tayari, na usiniambie habari za Mungu kupanga.

Acha baiskeli. Siombi. Usipunguze, usiseme utakwenda mara moja moja, acha kabisa. Tembea uani, lima maua, fanya chochote kile. Niapie kwa jina la mama kwamba hutapanda tena, nipate kulala.

Mwanao

*

Tarehe 4 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Naapa kwa jina la mama yako kwamba sitapanda tena. Baiskeli nimeitundika stoo kwa misumari miwili, na ufunguo wa stoo nimempa jirani wa upande wa pili.

Lala sasa.

Baba yako

*

Tarehe 9 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika. Mimi mzima. Redio nzima. Mvua imenyesha kidogo. Uliniuliza nimekula nini, nimekula chakula.

Baba yako

*

Tarehe 11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Sasa nalala, kama ulivyotaka. Kazini wamenipa msaidizi, kwa hiyo mgongo umepumzika.

Nina barua zako nne za tangu Aprili, na zote pamoja hazijai ukurasa. Hunitanii tena. Hunisalimii kwa niaba ya mtaa mzima. Nilipokupigia Jumapili niliisikia redio kuliko nilivyokusikia wewe. Unatoka? Unakwenda hata kwa muuza matairi? Wewe mwenyewe husemi, na mimi naogopa kumuuliza mtu nikasikia jibu.

Presha umepima lini? Nijibu hilo tu, kama mengine yanakuchosha.

Mwanao

*

Tarehe 6 Julai

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, mama. Samahani nimekuweka roho juu. Presha nimepima jana. Safari hii nesi alitikisa kichwa kwa nguvu. Imepanda, na tangu Aprili sijapanda kitu kingine chochote zaidi ya kitanda. Ameniongezea vidonge.

Sasa kuna habari. Jumamosi iliyopita, saa za asubuhi, nilisikia kengele nje. Nikachungulia kwenye pazia. Walikuwa wameegesha baiskeli zao zote kwenye ukuta wetu, kuanzia getini mpaka kona, na Kapteni anagonga mlango kwa ngumi. Nikafikiri, basi, wamekuja kunidai mkono wa mwalimu. Nikavaa shati, nikafungua.

Mwalimu alikuwa mbele. Plasta imetolewa. Mkono umekonda, lakini alinishika nao, mkono ule ule, akaniambia, "Posta, mbona umetususa? Mimi nimevunjika mkono, wewe umevunjika nini?" Waliingia wote, viti havikutosha, wengine wakakaa sakafuni. Nyumba ilijaa jasho na kelele. Yule wa dawa za kuku alifungua madirisha bila kuniomba.

Kapteni akasema shida yao. Wamepata wageni wengi, watu wazima wasio na mwendo, na kila mara mmoja anaachwa njiani kwa sababu hakuna mwenye subira ya kubaki nyuma. Wanataka mtu wa mwisho. Kazi yake ni moja, asirudi nyumbani kabla ya mgeni wa nyuma kabisa. Nikasema mimi ni hatari, nafunga breki ovyo. Mwalimu akacheka. Akasema, "Ndiyo maana tumekuchagua wewe. Nyuma yako hakutakuwa na mtu. Funga breki unavyotaka, salimia dunia nzima."

Nilipiga hesabu yake nikaona haina kosa.

Lakini nimeapa. Nikawaambia hivyo, kwamba nimemwapia binti yangu kwa jina la mama yake. Kapteni akasema, "Basi mwandikie, sisi tutangoja." Walipoondoka nilisimama mlangoni mpaka wa mwisho alipokata kona, kisha nikarudi ndani, na nyumba ikawa imenyamaza zaidi kuliko kabla hawajaja.

Nitakueleza ukweli, mama, na usiuchukulie kuwa lawama. Kiapo sitakivunja. Ukisema hapana, ni hapana, na sitakununia. Ila nyumba hii inanimeza. Asubuhi naamka naiuliza saa ni saa ngapi, na mchana naiuliza tena, na jibu linanikatisha tamaa. Barabarani niliogopa, nakiri, kila kokoto niliiogopa. Humu ndani siogopi kitu, na sitaki kuishi hivi.

Kwa hiyo nakuomba. Nipande au nisipande?

Baba yako

*

Tarehe 21 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Barua hii nimeianza mara nyingi. Za mwanzo zilisema hapana, na zilikuwa ndefu, zenye sababu za kitaalamu. Nikizisoma asubuhi naona aibu, nazichana.

Wiki hii nimefungua plasta ya mzee mmoja wa umri wako. Alikuwa na mguu mzima ndani ya plasta kwa muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu mwanawe aliogopa kumrudisha kliniki, eti mfupa usije ukaachia. Mfupa ulikuwa umeunga zamani. Lakini nyama yote imeisha, goti limekakamaa, mzee hawezi kusimama. Mwanawe alikuwa analia, anasema, "Nilikuwa namlinda." Nilimwelewa kuliko alivyojua. Nilikwenda stoo ya bandeji nikafunga mlango nikalia na mimi.

Baba, wewe hukuvunjika. Mimi ndiye niliyekufunga.

Kiapo ulinipa mimi, na mimi nakirudisha. Mama nitaongea naye mwenyewe, ataelewa, alinijua nilivyo. Chukua ufunguo kwa jirani. Kabla hujapanda mpe muuza matairi akague breki, mnyororo na spoki, baiskeli iliyotundikwa muda mrefu huwa na kinyongo. Mwambie Kapteni habari za presha, mbele ya watu wote, hapo hapo kituo cha mafuta, kwa sauti yako ile. Mtu wa mwisho abebe tyubu zaidi ya moja, pampu na maji ya watu wawili. Akiona mgeni anahema, asimwambie "kaza", ampe ndizi. Na simu iwe na chaji.

Sharti langu ni moja. Ukirudi, kabla hujavua viatu, kabla hujaoga, niandikie kwenye simu neno moja, "Nimerudi". Najua simu huiheshimu. Iheshimu Jumamosi tu.

Sitakudanganya kwamba nimeacha kuogopa. Nitaogopa Jumamosi hii, na ijayo, na zote ulizobakiwa nazo. Kuogopa niachie mimi, nimezoea. Wewe nenda.

Mwanao

*

Ujumbe wa simu, Jumamosi ya mwisho wa Julai

Asubuhi:
Shikamoo baba. Mmeshaondoka? Umekula? Presha umeitaja?

Adhuhuri:
Baba, uliniambia Kapteni amesema mtarudi kabla ya jua kali. Huku jua ni kali.

Baadaye kidogo:
Neno moja tu baba.

Alasiri:
Nimempigia muuza matairi, anasema yeye alifika zamani, ameoga na amelala, na wewe hajakuona. Simu yako inaita tu. Nimetoka wodini nimesimama kwenye ngazi. Baba naomba.

Alasiri bado:
Baba.

Jioni, kutoka kwa Baba:
Marahaba mama. Presha niliitaja, wakapiga makofi sijui kwa nini. Kuna fundi viatu mgeni, mnene, mcheshi, alipata pancha kwenye mteremko, tukaziba, akapata nyingine. Wenzetu wote walikuwa wametangulia. Tumekuja tunasukuma baiskeli kwa miguu, simu ilikuwa kwenye kibebeo chini ya chupa za maji, sikuisikia. Nimemfikisha kwake, mkewe kwa furaha amenionyesha meno yote. Nimerudi. Sijaoga.